Namna ya Kulipima Dai la Kuona Yajayo au Yaliyo Mbali

Mtu anayekuambia kwamba aliota msiba siku mbili kabla haujatokea mara nyingi hasemi uongo. Aliota kweli, na msiba ulitokea kweli. Tatizo ni kwamba ndoto yenyewe huletwa mbele ya wasikilizaji baada ya tukio, ikiwa imekwisha kupigwa pasi: vipande visivyolingana na yaliyotokea vimedondoka njiani, vilivyolingana vimekolezwa, na msimulizi hana habari kwamba amefanya hivyo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulipima dai la namna hiyo kwa vifaa vya nyumbani, yaani bahasha, kalamu, sarafu, picha, na watu wanne wenye subira. Unahusu madai mawili yaliyo ndugu: kuona yajayo, na kutazama kwa mbali, ambako mtu hueleza kitu au mahali asipopaona wala hajaambiwa habari zake.

Kwa maoni yangu, ushahidi uliokusanywa tangu karne iliyopita haujathibitisha kwamba uwezo huo upo, na sababu zake zitaonekana kadiri tunavyoendelea. Hata hivyo, utaratibu wa kupima ni mmoja kwa anayeamini na kwa asiyeamini, na kazi yake kubwa ni kuziba kila mwanya ambao habari inaweza kupenya kwa njia ya kawaida. Ukiziba mianya tisa ukaacha wa kumi, jaribio zima limekwenda na maji.

Kwanza tulitenge jambo hili na ramli. Mpiga ramli huketi na mteja ana kwa ana, humdadisi, huuona uso wake unapobadilika, kisha mteja huyo huyo ndiye anayehukumu kama ameambiwa kweli. Hakuna mwanya hata mmoja uliozibwa hapo. Wasomaji wanaoshika dini watasema kwamba mambo ya ghaibu anayajua Mungu peke yake. Hoja hiyo hatuigusi, kwa kuwa swali letu ni dogo zaidi. Tunauliza kama mtu aliyeketi chumba hiki anaweza kueleza picha iliyofungwa nyumba ile mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kumpa.

Ndoto: andika kabla ya tukio

Tarehe 21 Oktoba 1966, rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomokea kijiji cha Aberfan, Wales, likaifunika shule ya msingi na kuua watu 144, wakiwamo watoto 116. Daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa John Barker alifika kijijini, akasikia habari za watu waliodaiwa kuwa walihisi maafa hayo kabla, na kwa msaada wa Peter Fairley, mwandishi wa habari za sayansi wa gazeti la Evening Standard la London, akaomba wasomaji wenye habari za aina hiyo wamwandikie. Barua 76 zilimfikia. Zilisisimua, lakini zote ziliandikwa baada ya watoto wale kuzikwa. Barker aliuona upungufu huo, na mwaka 1967 yeye na Fairley wakaanzisha ofisi ndogo ya kupokea maono ya watu kabla hayajatimia, ili yapigwe muhuri wa tarehe na kusubiriwa. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na ndilo msingi wa daftari lako.

Liweke daftari na kalamu pembeni ya mto. Ukiamka, andika kabla hujashika simu, kabla hujasema na mtu, na kabla redio haijawashwa. Tia tarehe na saa, kisha eleza ulichokiona kwa maneno yanayoweza kukanushwa. "Nimeota jambo baya kuhusu safari" halina maana yoyote ya kupimika, kwa sababu dunia haijawahi kupita wiki moja bila jambo baya kuhusu safari. "Nimeota basi la rangi ya bluu limepinduka mtoni na daraja limevunjika" ni maelezo yanayoweza kukosewa, na uwezo wa kukosewa ndio unaotakiwa. Chini ya maelezo andika muda wa mwisho, tuseme siku 14. Tukio likija siku ya 15 halihesabiwi. Ukimaliza, piga picha ukurasa huo na umtumie mtu mmoja mwaminifu ambaye hataujibu wala kuujadili, ili tarehe iwe na shahidi.

Usiwe mwamuzi wa ndoto zako mwenyewe. Kisa cha J. W. Dunne kinatosha kuonyesha sababu. Dunne alikuwa mhandisi wa ndege wa Kiingereza, na mwaka 1902, akiwa askari Afrika Kusini, aliota kisiwa kinachokaribia kulipuka, huku yeye akihangaika kuwaokoa wakazi 4,000. Gazeti lilipofika kutoka Uingereza lilikuwa na habari za kulipuka kwa mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique, na kichwa cha habari kikitaja watu zaidi ya 40,000 waliohofiwa kufa. Dunne alisoma 4,000. Aliendelea kusimulia kwamba namba ililingana kwa miaka mingi, mpaka siku alipoinakili habari ile neno kwa neno ndipo akaiona sifuri ya ziada. Alikuwa mtu makini na mwaminifu, aliyezoea hesabu, na bado jicho lake lilisoma kile ambacho ndoto ilikuwa imemwandalia. Lililonishangaza zaidi ni kwamba hakuiacha dhana yake baada ya hapo: alihitimisha kwamba alichokiona usingizini hakikuwa mlima bali gazeti lenyewe pamoja na kosa lake la kulisoma. Dhana inayoweza kumeza hata kosa haipimiki tena, na ndiyo maana mwamuzi awe mtu wa nje.

Mpe mwamuzi huyo ndoto zako zikiwa zimechanganywa na ndoto za mtu mwingine aliyeandika daftari lake katika kipindi hicho hicho bila kudai kipaji chochote. Zote zichapwe kwa maandishi ya aina moja, tarehe ziondolewe, kisha mwamuzi azilinganishe na matukio ya siku zile 14 bila kujua ipi ni ya nani. Ndoto za yule jirani zikilingana na matukio sawasawa na zako, jibu umelipata, na huna haja ya fundi wa takwimu.

Hesabu moja tu inafaa kukaa kichwani wakati wa kazi hii. Tuchukulie kwamba ndoto ya usiku mmoja ina nafasi 1 kati ya 10,000 ya kulingana kwa bahati tu na tukio la kushtua siku inayofuata. Kwa mwaka wa siku 365, nafasi ya mtu mmoja kupata angalau ndoto moja kama hiyo hufika asilimia 3.6. Katika mtaa wa watu 1,000, basi, watu wapatao 36 watakuwa na kisa cha kusimulia kila mwaka, na wale 964 waliobaki hawatamsimulia mtu kwamba hawakuota chochote.

Picha: jaribio lenyewe

Daftari la ndoto linafundisha nidhamu, lakini halitoi jibu safi, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika bahati peke yake ingetoa ngapi. Jaribio la picha linatoa. Hapa kila raundi ina picha nne, moja kati yake ndiyo shabaha, na kwa hiyo asiye na kipaji chochote hupata raundi 1 kati ya 4. Raundi 20 zikifanyika, bahati humpa 5.

Tafuta picha 80 kutoka kalenda za zamani, magazeti na majarida, uzigawe katika seti 20 za picha nne nne. Picha za seti moja zitofautiane sana: soko lenye watu, maporomoko ya maji, mnyama mmoja, jengo refu. Usiweke jahazi na meli katika seti moja, maana mwamuzi atashindwa kuzitenganisha hata kama mtazamaji amesema kweli. Kila picha itolewe nakala mbili. Gharama ya nakala ya pili inauma, najua, lakini kama mwamuzi atapewa nakala ile ile iliyoshikwa na mteuzi, iliyokunjwa kidogo pembeni na kuachwa alama ya kidole, hatahitaji kipaji ili kuitambua. Mwanasaikolojia Ray Hyman aliibua dosari ya namna hii katika miaka ya 1980 alipochambua majaribio ambayo kwa nje yalionekana yamekamilika.

Kazi nne zigawiwe watu wanne. Mteuzi huipata shabaha na kuifunga. Mtazamaji ndiye mwenye dai. Huandika na kuchora anachokiona. Msimamizi hukaa na mtazamaji na kuhakikisha utaratibu unafuatwa. Mwamuzi hulinganisha maelezo na picha. Isipokuwa mteuzi, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuijua shabaha kabla hukumu haijatiwa saini, na msimamizi ndiye anayesahaulika kuliko wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi mjini Berlin aliyeitwa Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipomchunguza, na kutoa matokeo yake mwaka 1907, aliona kwamba Hans alipatia pale tu muulizaji alipolijua jibu na farasi akawa anamwona. Alikuwa anasoma mtikisiko mdogo wa kichwa na mwili ambao muulizaji hakujua kwamba anautoa. Kama farasi anaweza, shemeji yako anaweza. Msimamizi anayejua shabaha atasema "ehee" mahali fulani na kukaa kimya mahali pengine.

Mteuzi asichague picha kwa moyo wake. Watu wawili wa nyumba moja, waliosikia taarifa moja ya mafuriko asubuhi, watapendelea picha ya maji bila kuambizana. Arushe sarafu mara mbili: kichwa na kichwa ni picha ya kwanza, kichwa na nyuma ni ya pili, nyuma na kichwa ni ya tatu, nyuma na nyuma ni ya nne. Akubali kilichotoka hata kama seti iliyopita pia ilitoa picha ya tatu, na hata ikija ya tatu mara tatu mfululizo. Akiirudia sarafu kwa sababu "haionekani ya kubahatisha", ameharibu jambo lile lile alilotaka kulilinda.

Halafu bahasha. Picha ifungwe ndani ya karatasi ya foili, ile ya kufungia chakula, iingizwe katika bahasha ya kaki, igundishwe, na mteuzi atie saini juu ya mstari wa gundi ili saini ikatike bahasha ikifunguliwa. Nasisitiza kaki na foili kwa sababu nimeaibika. Jaribio langu la kwanza lilitumia bahasha nyeupe za dukani, na bahasha ilikaa mezani mbele ya mtazamaji, ambaye ni shemeji yangu, nikiamini kwamba gundi inatosha. Raundi ya tatu umeme ulikatika, mtu akawasha tochi ya simu na kuilaza mezani ikielekea juu, bahasha ikiwa imeegemezwa kwenye jagi la maji nyuma yake. Tanga la jahazi likajitokeza kwenye karatasi nyeupe, pembe tatu kamili, tukaliona wote. Tulicheka, lakini swali lilibaki: katika raundi mbili za mwanzo taa ya dari ilikuwa imeonyesha nini, kwa nani, bila mtu kukiri hata nafsini mwake?

Bahasha ikae nyumba nyingine, si chumba kingine. Mteuzi akishaiweka katika mtoto wa meza wenye kufuli, atume neno moja tu, "tayari", wala asionane na mtazamaji wala msimamizi mpaka mwisho wa siku.

Mtazamaji hupewa dakika 20, karatasi tupu, na maagizo mafupi kwamba aeleze picha iliyo ndani ya bahasha. Wazoefu wa jambo hili hushauri kuanza na maumbo, rangi, joto na baridi, laini na kukwaruza, na kuchelewesha kutaja jina la kitu. Hakuna ubaya kufuata ushauri huo, mradi ujue athari yake, nayo inaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Haya ni maelezo ya aina inayopatikana mara kwa mara: "Kitu kirefu kimesimama. Juu yake pamepanuka. Karibu pana maji, au kitu kinachong'aa. Mahali ni wazi, watu ni wachache." Mwonyeshe msomaji picha ya mnazi ufukweni, atastaajabu. Mwonyeshe mnara wa taa za meli, atastaajabu vile vile. Tangi la maji juu ya nguzo litafaa, na hata twiga aliyesimama kando ya bwawa hatakataliwa. Maelezo yasiyotaja jina la kitu huvaa picha nyingi kama kanzu isiyo na kipimo, na hii ndiyo sababu ya kumpa mwamuzi picha nne badala ya kumwonyesha moja na kumwuliza kama inafanana.

Mwamuzi na karatasi zake

Mwamuzi hupokea karatasi ya mtazamaji na nakala za pili za picha nne za seti hiyo, zisizowahi kushikwa na mteuzi. Huzipanga kutoka inayofanana zaidi na maelezo mpaka inayofanana kidogo kuliko zote, huandika mpangilio huo kwa wino, hutia saini na saa. Hapo ndipo bahasha hufunguliwa, mbele ya watu wawili angalau. Raundi inahesabiwa kuwa imepatiwa ikiwa shabaha imewekwa nafasi ya kwanza. Ikiwa ya pili, imekoswa, hata kama mtazamaji atalalamika kwamba "ilikaribia sana".

Karatasi ya mtazamaji isiwe na neno lolote nje ya maelezo ya picha. Sharti hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililoiangusha kazi mashuhuri kuliko zote katika uwanja huu. Mwaka 1972 wanafizikia Harold Puthoff na Russell Targ walianza majaribio ya kutazama kwa mbali katika taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, California, kwa fedha za shirika la ujasusi la CIA. Kundi moja lilikwenda mahali fulani mjini, na mtazamaji aliyebaki chumbani akaeleza walipo. Mtazamaji mmoja, Pat Price, aliyewahi kuwa askari polisi, alifanya mfululizo wa maeneo tisa, na mwamuzi akayaoanisha maelezo na maeneo kwa kiwango kilichopita bahati mbali sana. Matokeo ya majaribio ya SRI yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1974.

Wanasaikolojia wawili wa New Zealand, David Marks na Richard Kammann, walijaribu kuurudia utafiti huo na hawakupata kitu. Ndipo wakaenda kuzitazama karatasi zenyewe. Waliona kwamba maelezo aliyopewa mwamuzi yalikuwa na vidokezo: karatasi moja ilitaja "shabaha mbili za jana", nyingine zilikuwa na tarehe juu ya ukurasa, na mwamuzi alikuwa amepewa orodha ya maeneo kwa mpangilio wa kutembelewa. Kwa vidokezo hivyo maelezo yangeweza kupangwa bila kusoma hata neno moja kuhusu minara au madaraja. Hoja yao ilitoka katika Nature mwaka 1978, na mabishano yaliendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Sidhani kama kuna aliyekusudia udanganyifu hapo. Mtu alizungumza na mwenzake kama watu wanavyozungumza, kinasa sauti kikanasa, mpiga chapa akachapa.

Kwa hiyo mwamuzi asipewe karatasi za raundi 20 kwa mpangilio wa siku. Zisubiri zote zikamilike, zifutwe tarehe na mazungumzo, zipewe herufi badala ya namba, zichanganywe, ndipo zimfikie. Kazi hiyo ya kusafisha ifanywe na mtu asiyejua shabaha, ambaye anaweza kuwa msimamizi.

Lini uache, na namba gani ikushtue

Kabla ya raundi ya kwanza, andika kwenye karatasi moja idadi ya raundi, namna ya kuhesabu, na namba ambayo ukiifikia utasema kuna jambo la kuchunguzwa. Watu wote watie saini. Kwa raundi 20 na picha nne, mimi huweka 9: bahati tupu hutoa 9 au zaidi mara 4 hivi kati ya 100, na hutoa 10 au zaidi chini ya mara 2 kati ya 100. Namba 7 haishangazi, na 8 au zaidi hutokea mara 1 kati ya 10.

Usiache mapema. Tuseme raundi nane zimepita na mtazamaji amepatia nne. Nusu nzima! Chumba kimechangamka, mtazamaji amechoka, na mtu anapendekeza mwishie hapo. Ila bahati peke yake hutoa nne au zaidi kati ya nane takriban mara 1 kati ya 9, na ukiwa na ruhusa ya kuacha popote namba inapopendeza, karibu kila jaribio linaweza kupendezeshwa. Vile vile usiongeze raundi kwa sababu ishirini zimeisha vibaya.

Wanasayansi wenyewe wamejifunza somo hili kwa aibu. Mwaka 2011 Daryl Bem, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitoa katika jarida la kuheshimika majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai kwamba manane kati yake yanaonyesha watu wakihisi yajayo. Katika la kwanza, wanafunzi 100 walichagua kati ya mapazia mawili kwenye kompyuta, na kompyuta ikaamua baadaye ni lipi lenye picha. Kwa picha za ashiki walipatia asilimia 53.1 badala ya 50, na kwa picha nyingine hawakuzidi bahati. Mwaka uliofuata Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French walilirudia mara tatu mojawapo ya majaribio hayo, la kukumbuka maneno, na halikutoa kitu. Jeff Galak na wenzake walirudia mara saba kwa washiriki 3,289, nao hawakupata kitu. Kilichowasumbua wanasaikolojia wengi si kuona yajayo, ambako hawakuwa wanakuamini hata kidogo, bali kugundua kwamba njia alizotumia Bem za kuchambua data zilikuwa njia zao wenyewe za kila siku. Mwaka 2012 kitengo cha parasaikolojia, yaani uchunguzi wa madai ya vipaji kama hivi, cha Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua daftari la kusajili majaribio kabla hayajafanyika. Karatasi yako yenye saini ni daftari hilo katika umbo lake dogo.

Na usimtafute mtazamaji bora baada ya kuona matokeo. Pweza Paul wa Oberhausen, Ujerumani, alipowekewa masanduku mawili ya chakula yenye bendera za timu, alichagua washindi wa mechi nane kati ya nane katika Kombe la Dunia la 2010. Kwa chaguo la pande mbili hiyo ni nafasi 1 kati ya 256, namba inayovutia mpaka ukumbuke wanyama wote waliowekewa vyakula viwili mbele yao duniani kote mwezi ule na ambao hakuna kamera iliyorudi kwao. Ukiwapima jamaa 20 na mmoja akafika 9, huyo hajashinda. Amestahili kupimwa upya, kwa raundi 20 mpya.

Kuligeuza kuwa jaribio la yajayo

Jaribio hilo hilo linageuka kuwa la kuona yajayo kwa kubadili mpangilio mmoja: mtazamaji anaandika leo, na shabaha inachaguliwa kesho. Kwa upande mmoja hili ni jepesi zaidi, kwa sababu habari ambayo haipo haiwezi kuvuja, na bahasha zote za kaki unaziweka kando. Kwa upande mwingine linafungua mwanya mpya. Anayechagua shabaha baadaye anaweza kuwa ameyasoma maelezo, na sarafu iliyoangukia ukingoni mwa zulia hurushwa tena kwa urahisi mno.

Dawa ni kutumia namba isiyo mikononi mwa yeyote kati yenu. Mimi hutumia bei ya dola inayotangazwa na Benki Kuu siku ya kazi inayofuata. Chukua tarakimu mbili za mwisho baada ya nukta, gawanya kwa 4, na baki ndiyo inayochagua picha: baki 0 ni picha ya kwanza, 1 ya pili, 2 ya tatu, 3 ya nne. Andikeni mapema ni bei ipi, ya kununulia au ya kuuzia, na ya siku gani, maana bei mbili ni nafasi mbili za kuchagua. Maelezo ya mtazamaji yafungwe na kuachwa kwa mtu mwingine kabla bei haijatoka.

Umuhimu wa kuifungia kando orodha ya shabaha unaonekana katika kisa cha Samuel Soal, mwanahisabati wa London, aliyempima Basil Shackleton kati ya 1941 na 1943. Kadi zake zilikuwa na picha za simba, tembo, punda milia, twiga na mwari, karibu mbuga nzima ya kwetu imehamia London ya wakati wa vita, na Shackleton alionekana kuitambua kadi ambayo ilikuwa bado haijafunuliwa, ile inayofuata. Kwa zaidi ya miaka 30 matokeo hayo yalitajwa kuwa ushahidi bora kuliko wote. Mwaka 1978 Betty Markwick alionyesha kwamba katika safu za namba za Soal kulikuwa na tarakimu zilizopachikwa, na nyingi kati yake ziliangukia pale pale Shackleton alipopatia. Mpimaji alikuwa ameshika kalamu, orodha na hesabu, vyote mkono mmoja.

Raundi zikiisha

Shemeji yangu, baada ya jahazi lile, tulimpima upya kwa utaratibu huu wote. Alipata 6 kati ya 20. Bahati hutoa 6 au zaidi karibu mara 4 kati ya 10, kwa hiyo hakukuwa na la kuchunguza, ingawa yeye mpaka leo huikumbuka raundi ya 11, alipochora daraja na daraja likatoka, na haikumbuki raundi ya 12.

Mtu wako akifika 9, usitangaze. Rudia na picha mpya, mteuzi mpya na mwamuzi mpya, mkianza tena na karatasi ya masharti. Mkishindwa kurudia, mmejiunga na wengi: Marekani iliendelea na mpango wake wa kijeshi na kijasusi wa kutazama kwa mbali mpaka 1995, kwa gharama ya takriban dola milioni 20, kisha ikawaita mtakwimu Jessica Utts na Ray Hyman waupime. Utts alisema takwimu za maabara zinaonyesha jambo lipo, Hyman akasema halijathibitishwa, na ripoti ikahitimisha kwamba habari zilizopatikana hazikuwahi kuongoza hatua yoyote ya kijasusi. Price, kwa mfano, mwaka 1974 alichora winchi kubwa katika kituo cha Kisovyeti karibu na Semipalatinsk, na winchi kweli ilikuwapo. Mengi mengine aliyoyaeleza kuhusu kituo hicho hayakuwapo.

Mkifaulu kurudia, mwiteni mtu asiyewaamini, ikiwezekana mwenye uzoefu wa kiini macho, kwa kuwa mcheza kiini macho huona mwanya ambao profesa haoni. Mpeni karatasi zote za raundi zote, pamoja na zile zilizokoswa, bahasha zenye saini zilizokatika, na picha za akiba, azikague bila ninyi kuwapo chumbani.